Siku Mgane Alipobadili Boti

Siku ya tatu ya sikukuu, mtu wa Sète, mji wetu huu wa bandari kusini mwa Ufaransa, akikuambia ana shughuli nyingine, ujue huyo ama anaumwa ama anatafutwa na polisi. Mwezi wa Agosti jua halina huruma, mawe ya gati yanaunguza nyayo, na bado watu wanajaza kingo zote mbili za mfereji tangu asubuhi: wazee na viti vyao, akina mama na vikapu vyao, watoto miguu ikining'inia juu ya maji. Kila mtu ana boti yake ya kushangilia, na kila mtu anajua zaidi ya mwenzake. Ndivyo tulivyo na hatubadiliki.

Filomena Scotto alikuwa ameamka alfajiri siku hiyo kukanda unga wa pai za pweza. Kibanda chake kiko ukingoni kabisa mwa mfereji, ng'ambo ya daraja ukitokea Mtaa wa Juu, na mbele yake kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Alikirithi kwa bibi yake, pamoja na sufuria kubwa la kuchemshia pweza na ulimi usio na breki. Umri wake ulikuwa unakaribia sitini, mikono minene, nywele kazifunga kitambaa. Mteja akithubutu kulalamika kwamba pilipili imezidi, Filomena humshauri akanywe maziwa, kisha humhudumia anayefuata.

Lakini asubuhi ile unga ulimshinda. Aliukanda, akautupa, akaanza upya. Dada yake mdogo, Odile, aliyekuja kumtembelea kutoka Grenoble, alikuwa amekaa juu ya kreti akimtazama na kutabasamu, na hilo tabasamu lilimuudhi Filomena kuliko unga wenyewe.

Maana Odile hakuja kutembea tu. Huko Grenoble, milimani, alikuwa amebaki peke yake katika nyumba yenye nafasi ya kutosha watu wawili na paka, na kwa muda mrefu alikuwa akimsihi dada yake aachane na pweza na upepo wa chumvi, wakazeeke pamoja. Mwaka huu Filomena alikuwa amekubali. Au tuseme alikubali nusu: alisema jibu kamili atalitoa sikukuu ikiisha. Mtu wa kukichukua kibanda alikuwa ameshapatikana. Masanduku yalikuwa yameshateremshwa kutoka juu ya kabati. Lililobaki lilikuwa jambo moja tu, ambalo Odile alilijua, na gati zima lililijua pia, kwa sababu mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lililobaki ni Baptistin atapanda boti ipi.

Huyu Baptistin Liguori alizaliwa mtaa mmoja na akina Scotto, mlango kwa mlango. Alijifunza kuogelea katika mfereji huu huu pamoja na Filomena, kwa njia yetu ya kawaida, yaani baba anakutupa majini kisha anakuuliza unaonaje. Alipokuwa kijana akaenda kaskazini kufanya kazi kwenye boti za kuvuta meli, kwenye bandari ambayo jua ni habari ya kusikia kwa watu. Akaoa huko, mwanamke mwema aliyeitwa Yvonne. Filomena naye akaolewa hapa hapa na fundi wa injini, Lucien, ambaye baadaye alimtoroka na msusi wa mji jirani wa Béziers. Filomena hakumwaga chozi hadharani. Alibadilisha kitasa cha mlango, akaenda mnadani kununua pweza. Watu walioamka mapema kumwonea huruma walikuta kibanda kiko wazi na pai za moto.

Kila Agosti Baptistin alirudi kwetu kama mgeni, akalala kwa dada yake, akacheza mchezo wetu wa kuangushana majini kwa mikuki, akaondoka. Hakuwa mchezaji wa kumtisha mtu. Kifua kipana alikuwa nacho, na moyo alikuwa nao, ila miguu yake ilikuwa na mawazo yake yenyewe. Kila mwaka aliangushwa mapema, akazama, akaibuka papo hapo akicheka, ndiyo maana gati likampa jina la Kizibo. Huku kwetu bila jina la utani bado hujazaliwa vizuri.

Yvonne alipofariki, Baptistin aliendelea kuja. Lakini sasa akishuka kwenye treni hakwenda kwa dada yake kwanza. Alikuja moja kwa moja kibandani, sanduku mkononi, akala pai mbili amesimama, akauliza hali ya tanuri kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Asubuhi alimsaidia Filomena kuosha pweza. Jioni walikaa benchi moja wakiwasengenya wapita njia, na walikuwa na kipaji cha kusengenya, wote wawili. Walizungumza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Mwaka uliopita, stesheni, Baptistin alimshika Filomena mkono mpaka treni ikapiga honi. Akafungua kinywa. Akasema, "Haya, tutaonana."

Majira yote ya baridi Filomena alikata vitunguu akilirudia neno hilo peke yake. Tutaonana. Hata dereva wa teksi husema tutaonana.

Sasa tuje kwenye boti, maana ndipo penyewe. Mashindano mengine siku hizi wanagawana tu, huyu huku, yule kule. Lakini siku ya tatu ni ya Mtaa wa Juu, na sisi bado tunashika la wazee: boti ya buluu ni ya makapera, boti nyekundu ni ya waliooa. Kila boti ina wapiga makasia wake, zumari na ngoma mbele, na nyuma maboriti marefu yanayopanda juu mpaka kwenye kijukwaa cha mbao, juu kuliko mlango wa nyumba. Hapo anasimama mtu kavaa nyeupe tupu, ngao kifuani na mkuki mrefu mkononi. Boti zinakimbiliana, mikuki inagonga ngao, na mmoja wao anakwenda kuwasalimu samaki.

Na mgane je? Mgane hubaki mwekundu. Mke akifa, hakuna mwenye ruhusa ya kumtoa mtu kwenye boti ya ndoa yake. Hutoka mwenyewe, kwa miguu yake, mji mzima ukimwangalia, akavuka kwenda kwa makapera. Akivuka amekwisha kusema. Anataka mke, na kwa kawaida anamjua ni nani. Na kwa kuwa watu wetu wana midomo isiyolala, wagane wengi huona heri wafe wekundu kuliko kuchekwa mpaka kaburini. Mtu wa mwisho kuvuka alikuwa mzee Simon mshona nyavu, zamani hizo Filomena na Odile bado wanasukwa nywele na mama yao.

Miaka yote tangu Yvonne azikwe, Baptistin alipanda nyekundu. Mara ya kwanza Filomena alimwelewa. Mara ya pili akamheshimu. Baada ya hapo akaanza kuona kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe yalikuwa yake. Ndipo akamwambia Odile kwenye simu: akipanda nyekundu na mwaka huu, mimi naja kwako, na tusizungumze tena.

Basi mwaka huu mgeni hakuonekana. Siku zake za kawaida za kufika zilipita. Filomena alijifanya hana habari, huku akisafisha kioo cha upande wa stesheni mara mbili kwa siku. Jioni ya kuamkia mashindano muuza magazeti akaja na umbea: Kizibo kafika, kapitia uchochoro wa nyuma, kichwa chini, na masanduku mawili makubwa. Kibandani hakukanyaga. Odile akasema huenda alikuwa amechoka. Filomena akasema mtu mmoja habebi masanduku mawili, huyo kaja na mwanamke. Akalala na wazo hilo, kama unaweza kuita kule kulala.

Ndiyo sababu ya unga kumshinda.

Baada ya misa wachezaji walishuka kutoka kanisani kwa safu mbili, zumari likiwatangulia, na watu wakasimama kuwapisha. Odile alikuwa ameshavuka daraja kwenda kuwahi nafasi upande wa Mtaa wa Juu, kwenye kivuli. Filomena alitoka nje ya kibanda, mikono imejaa unga. Makapera walipita kwanza, utepe wa buluu begani, vijana wenye afya na akili kidogo. Alitazama uso mmoja mmoja. Hakumwona. Wakaja waliooa, na katikati yao, kifua mbele, macho yamekazwa kama mtu anayepelekwa mahakamani, akapita Baptistin. Utepe wake ulikuwa mwekundu. Hakugeuza hata shingo.

Filomena alisikia baridi, jua lote lile. Halafu baridi ikageuka hasira, na hasira yake ni kitu cha kupisha. Mbele ya kibanda kulikuwa na foleni ndefu, siku ya biashara kuliko zote za mwaka, pai zimejaa sinia tatu. Akazima tanuri, akavua kitambaa cha kichwa, akauvuta mlango wa chuma mpaka chini kwa kishindo na kutia kufuli. Mtu mmoja mwenye kofia ya majani akalalamika kwamba amengoja muda mrefu sana.

"Na mimi pia," Filomena akamjibu, akaondoka.

Alivuka daraja akipanda kwenda Mtaa wa Juu, watu wote wakishuka. Walimsalimia, wakamtania, wakamuuliza kama leo pai zinagawiwa mlimani. Akawapita. Nyumbani alilivuta sanduku la kwanza mpaka katikati ya chumba, akaanza kutupia nguo ndani bila kukunja. Alitupia sweta, kwa sababu Grenoble kuna theluji. Alitupia viatu. Alitupia hata kalenda ya ukutani, sijui ya nini. Na muda wote alikuwa akizungumza na Baptistin, na Baptistin hakuwa na la kujibu katika mazungumzo hayo.

Kutoka mferejini ngoma ilikuwa ikisikika. Mtu aliyezaliwa kwetu anaujua mchezo kwa masikio: mtu akianguka unasikia kelele fupi na vicheko, mtu akiwa imara unasikia makofi. Lakini sasa Filomena alisikia kitu kingine. Kelele zilianza, zikakatika kabisa, hata zumari likanyamaza, kisha zikalipuka tena na hazikuisha. Mikono yake ikasimama juu ya sanduku. Hakwenda dirishani. Alijiambia haimhusu, akaendelea kutupia soksi.

Odile alipanda ngazi kwa vishindo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, uso mwekundu kama nyanya.

"Mena. Amevuka."

"Nani?"

"Usiniulize nani na wewe. Kavuka."

Hakuweza kukaa, akasimulia huku akizunguka chumba. Jina la Baptistin lilipoitwa, alikwenda mpaka kwenye boti nyekundu kama kila mwaka. Akaweka mguu mmoja ndani. Binamu yao Honoré, mshika usukani wa nyekundu, akampa mkono ili amvute. Baptistin akausukuma mkono ule taratibu, akautoa mguu. Akavua utepe begani, akaubusu, akamkabidhi Honoré, na Honoré mzima yule, mwanamume anayetukana mpaka mvua, akaanza kulia. Kisha Baptistin akatembea juu ya mawe ya gati, peke yake, mpaka kwenye boti ya buluu. Hapo ndipo watu walipopata sauti. Wazee wakamuuliza kama mama yake anajua. Mwingine akamwambia makapera wote wanalala saa mbili, awahi. Yeye akamwachia kijana mmoja amfungie utepe wa buluu.

Filomena alikuwa amekaa juu ya sanduku bila kujua amekaa saa ngapi.

"Lakini nilimwona," alisema. "Alivaa mwekundu."

"Sasa ulitaka avae nini? Utepe hubadilishwa botini, mbele za watu. Baba alitueleza siku mzee Simon alipovuka, mimi nimebebwa mgongoni kwake, wewe umemshika mkono. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Mtoto wa Mtaa wa Juu, mjukuu wa wachezaji, alikuwa amesahau. Akauliza kwa sauti ndogo habari ya masanduku mawili. Odile akasema dada yake Baptistin alikuwa amekaa karibu naye pale gatini, na amefunguka yote: kaacha kazi, kaacha nyumba, kaja na kila alicho nacho, hata birika la kahawa. Na kibandani hakupita kwa sababu alijijua, akimwona Mena tu atayamwaga yote hapo hapo mbele ya pweza, na jambo la namna hii mwanamume wa kwetu hulisema botini kwanza.

"Na sasa nenda," Odile akasema. "Maana kibanda umekifunga, na kila mara anageuka kukitazama. Anafikiri ndilo jibu lako."

Filomena hakuchukua kiatu. Alishuka na ndala za nyumbani, aproni kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko. Mtaa ule unashuka kwa mteremko ambao mbuzi hufikiri mara mbili, naye akaushuka akikimbia, mkono mmoja ukutani. Bibi vizee waliobaki madirishani walimshangilia kwa jina. Mmoja alimwambia apunguze mwendo, bwana harusi haendi popote, na Filomena akacheka peke yake kwa sauti, akikimbia, pumzi hana, moyo unampiga mpaka masikioni. Hakuwa amekimbia tangu lini? Hata hakumbuki. Mwili wote ulikuwa unamuuma na wote ulikuwa na furaha.

Darajani ndipo alipokwama. Wageni wa mji walikuwa wamejazana bega kwa bega, kamera juu, hakuna pa kupenyeza hata paka. Aliomba njia, akasukuma, akatukana kwa adabu, kisha bila adabu. Hakuna aliyesogea kwa sababu hakuna aliyeweza. Akarudi ukingoni upande wa Mtaa wa Juu, akajipenyeza kati ya viti vya wazee mpaka kwenye jiwe la mwisho, na hapo akamwona.

Baptistin alikuwa ameshapanda juu ya kijukwaa cha boti ya buluu. Nguo nyeupe zilimbana tumbo kidogo. Utepe wa buluu ulipepea begani mwake, na kwa umri ule, katikati ya vijana wale, ilikuwa kichekesho na ilikuwa jambo zuri kuliko yote ambayo Filomena aliwahi kuyaona. Upande wa pili, juu ya nyekundu, alimngojea Gaspard muuza jibini, mtu mwenye umbo la friji na haya kidogo kuliko friji. Zumari likaanza wimbo wa kushambulia. Makasia yakapiga maji.

Filomena aliita jina lake kwa nguvu zote. Gati zima lilikuwa likiita jina lake, kila mtu kwa sababu zake, na sauti yake ikapotelea humo. Baptistin hakutazama upande huu. Boti zilikuwa zinakaribiana, Gaspard keshainamisha mkuki, na yeye, mpumbavu yule, alikuwa amegeuza kichwa anaangalia ng'ambo, juu ya ngazi za mawe, kwenye mlango wa chuma uliofungwa.

Basi unategemea nini? Mkuki wa Gaspard ulimpata katikati ya ngao, naye akaruka kutoka pale juu miguu ikitangulia kichwa, maji yakarukia mpaka safu ya pili ya viti. Watu wakacheka, wakaanza kuhesabu wakingoja Kizibo aibuke. Akaibuka. Lakini safari hii hakucheka. Aliyeanguka huogelea kwenda kwenye boti yake, ndiyo desturi, na vijana wa buluu walikuwa wameshamnyooshea mikono. Baptistin akawapita. Akaogelea polepole mpaka ng'ambo, akashika ngazi za mawe, akapanda, maji yakimchuruzika, mpaka mbele ya kibanda.

Akagonga mlango.

Aligonga kwa kidole, kwa heshima, kama mtu anayegonga nyumba yenye mgonjwa. Vicheko vikaisha upande ule, kisha upande huu. Akangoja. Akagonga tena. Kisha akakaa chini kwenye ngazi ya juu kabisa, mgongo kwenye chuma, mikono magotini, akatazama maji.

Filomena alishindwa kuvumilia. Hata kuruka angeruka, kuogelea hajasahau. Lakini boti nyekundu ilikuwa inarudi mwanzo wa mfereji ikipita karibu kabisa na mawe aliposimama, Gaspard bado yuko juu akipunga ngao yake kwa ushindi, na Honoré kwenye usukani, macho bado mekundu.

"Honoré, sogeza hiyo boti."

"Mena, leo mwanamke hapandi, unajua."

"Isogeze kabla sijakumbuka kwa sauti ni nani aliyevunja dirisha la kanisa."

Honoré akaisogeza. Filomena akaweka ndala moja ukingoni mwa boti, wapiga makasia wawili wakamshika viwiko vyenye unga, akaingia. Boti ikayumba. Gaspard akakumbatia boriti huko juu, akauliza kwa hasira kuna nini, na akaambiwa akae kimya, ana bahati hajaombwa ashuke. Mwamuzi alipuliza kipenga mpaka mashavu yakamvimba. Hapo mpiga zumari, ambaye hakuna aliyemwagiza, akaweka zumari mdomoni na kuanza ule wimbo wa kushambulia, ngoma ikamfuata, na makasia yakashuka pamoja.

Kumbe watu walikuwa wameelewa. Walisimama kingo zote mbili, wazee kwa watoto, wakapiga viti, wakapiga vikapu, wakapiga walichonacho. Odile alikuwa anaruka juu ya ukuta kiatu mkononi. Filomena alisimama katikati ya wapiga makasia, aproni inapepea, ameshika bega la mtu asiyemjua, na hakuona haya hata kidogo. Alikuwa na furaha ya kumtisha. Aliona ng'ambo inakuja, ngazi zinakuja, mwanamume aliyekaa hapo juu anainua kichwa, anasimama, anajifuta macho kwa mkono uliolowa, jambo ambalo halisaidii.

Boti ikagusa jiwe. Baptistin alikuwa ameshuka mpaka ngazi ya mwisho, maji yanamfika vifundoni, utepe wa buluu umemgandama begani. Alitazama boti, akamtazama yeye, akatazama boti tena.

"Mena," alisema. "Hii ni ya waliooa."

"Rangi naijua," Filomena akamwambia, akamnyooshea mkono. "Ingia."

Aliingia. Aliingia kwa ule mguu wake wenye mawazo yake yenyewe, nusura awaangushe wote, na Filomena akamshika kwa utepe, akamshika kwa shati, akamshika vizuri. Baptistin akafungua kinywa kusema. Filomena akamwambia anyamaze, amesikia, mji mzima umesikia.

Honoré akapenga kamasi, akashika usukani, akauliza awapeleke wapi, awakimbize wakajifiche kwenye kivuli cha daraja au vipi, maana watu hawa hawatawaacha wapumue.

"Pita katikati," Filomena alisema. "Na upite polepole. Wale wa mwisho huko nyuma nao waone."